Karura: mabakuli ya ukingoni yanashika nyuki wengi kuliko ya ndani ya msitu. Je, kasoro iko kwenye njia ya kuhesabu?

Mwanzi_Mkavu

Wadau, salaam. Naomba msaada wa wanaoijua kazi ya wadudu wachavushaji.

Swali la utafiti ni hili: shughuli za watu zinazovuruga msitu zinaathiri vipi wingi wa aina za wachavushaji? Nalinganisha sehemu tatu za msitu wa Karura, Nairobi: msitu wa asili uliofunga, ukingo ulio karibu na barabara na makazi, na mahali palipokatwa mikaratusi pakapandwa miche ya kienyeji. Kila sehemu ina mstari mmoja wa mabakuli 30 ya plastiki, ya njano, nyeupe na bluu, yaliyoachana mita 5. Ndani kuna maji yenye sabuni. Yanakaa chini saa 24, kisha yanakusanywa.

Majaribio ya kwanza yametoka kinyume na nilivyotarajia. Ukingoni na kwenye miche kuna aina nyingi za nyuki, lakini ndani ya msitu wa asili mabakuli mengi yanarudi na visubi na sisimizi tu. Nikiandika hivi, ripoti itasomeka kana kwamba kukata miti kunawafaa nyuki. Sitaki kuficha data, wala sitaki kuandika jambo lisilo kweli. Nirekebishe nini kabla ya mvua za Oktoba?

Sega_la_Nta

Ndugu Mwanzi, matokeo hayo si ya ajabu. Hata Kakamega watafiti waliwahi kukuta nyuki wengi zaidi kwenye mashamba yanayopakana na msitu kuliko ndani ya msitu wenyewe. Kuna mambo mawili yamechanganyika hapo, na ni lazima uyatenganishe kabla ya kuandika hata sentensi moja.

La kwanza ni la kweli kabisa. Nyuki wetu wengi ni wadudu wa jua. Wale wadogo wa familia ya Halictidae, wenye urefu wa milimita 4 hadi 8, huchimba viota ardhini, na wengi wao hupenda udongo ulio wazi unaopata joto mapema asubuhi. Msitu ukifunguliwa kidogo, mwanga hufika chini, magugu huchanua, nao huingia. Kwa hiyo orodha ya aina inarefuka. Ila ukiitazama vizuri utaona wageni hao ndio wale wale walio kando ya barabara ya Kiambu na kwenye bustani za mitaa ya jirani. Wanaopungua ni wale wanaohitaji mti mkubwa wenye uwazi ndani, gogo lililooza au kivuli chenye unyevu, na hao wakitoka hawana pengine pa kwenda hapa mjini. Idadi inaweza kupanda huku msitu ukiwapoteza wadudu wake. Ndiyo maana swali la "aina ngapi" halitoshi. Uliza "akina nani".

La pili ni bakuli lenyewe. Rangi yake humvuta mdudu kwa sababu inaakisi mwanga, hasa ukitumia rangi inayong'aa kwenye miali ya urujuanimno. Bakuli la njano lililo kwenye jua la saa tano huonekana kutoka mbali. Liweke chini ya miti ya mikinduri iliyofunga na litakuwa kitu cha kijivu kati ya majani makavu, isipokuwa kwa dakika chache ambapo doa la jua linapita juu yake. Unapolinganisha sehemu hizo mbili kwa bakuli, unalinganisha pia kiasi cha mwanga. Tena ndani ya msitu uliofunga maua mengi yako juu, mita 15 hadi 25 kutoka ardhini. Mukinduri au muthiga ukichanua, nyuki wako huko. Mabakuli yako yako kwenye sakafu ya nyumba ambayo wenyewe wanaishi darini.

Bakuli pia lina upendeleo wake hata juani. Linashika sana Halictidae, lakini linashika kidogo nyuki wa asali (*Apis mellifera*) na wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao (*Xylocopa*). Na pale maua yanapokuwa mengi, bakuli hushika wachache zaidi kwa sababu linashindana na maua halisi. Usiliondoe, ila usiliache peke yake. Ongeza njia hizi.

Tumia wavu kwenye mstari wa mita 50 kwa upana wa mita 2, dakika 15 za kutafuta. Unaposimama kumtoa mdudu kwenye wavu, simamisha saa, la sivyo sehemu yenye nyuki wengi itapata muda mfupi wa kutafutwa. Andika kila mdudu amekamatwa kwenye ua gani.

Tundika vifungu vya mianzi kwa wanaotaga kwenye matundu. Kata vipande vya sentimita 15 hadi 20, upande mmoja ufungwe na pingili, vipenyo vichanganywe kuanzia milimita 3 hadi 12, vipande 20 kwa kifungu. Tundika kwenye kimo cha mita 1.5 na upake grisi kwenye waya, kwa sababu siafu na sisimizi wengine wakifika watakula kila buu lililomo. Kagua kila mwezi. Mlango ukiwa umezibwa kwa vipande vya majani vilivyokatwa mviringo, huyo ni *Megachile*, nyuki mkata majani. Ukizibwa kwa tope, huenda ni nyigu, kwa hiyo subiri atoke ndipo uandike.

Na tafuta viota kwa macho. Tembea mita 100 ukikagua magogo na matawi makavu. Kiota cha *Xylocopa* hujitambulisha: tundu la mviringo safi, karibu sentimita moja, na chini yake kirundo cha unga wa mbao wa manjano, mkavu, wa chembe kubwa kuliko unga wa dumuzi. Unga ukiwa mpya, mwenyewe yumo ndani. Nyuki wasiouma utawajua kwa mrija mdogo wa nta unaotokeza kwenye ufa wa mti, na walinzi wawili watatu mdomoni mwake.

Jambo moja la mezani ambalo huharibu kazi nyingi: nyuki aliyetoka kwenye bakuli akipigwa pini akiwa amelowa, nywele zake hugandamana na hutambui hata jenasi. Mwoshe kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, mwage kwenye kichungi cha chai, suuza kwa ethanoli, kisha mweke kwenye chupa iliyofunikwa kwa chandarua na umpulizie mashine ya kukaushia nywele, joto la chini, dakika 2 au 3, huku ukitikisa chupa. Utaona nywele zikisimama moja moja. Hapo ndipo mpige pini. Kama unataka DNA, ng'oa mguu mmoja kabla ya hayo yote na uuweke kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi.

Takwimu254

Nakubaliana na Sega. Langu ni la mpangilio, kwa sababu hapo kuna tatizo ambalo wavu na mianzi havitalitatua.

Mabakuli 30 kwenye mstari mmoja si sampuli 30. Ni sampuli moja iliyogawanywa vipande 30. Mstari mmoja kwa kila sehemu maana yake una sampuli tatu tu, na huwezi kujua kama tofauti inatokana na uvurugaji au ni tofauti ya kawaida kati ya kona moja ya msitu na nyingine. Punguza mabakuli yawe 9 kwa kituo (matatu ya kila rangi) na uongeze vituo. Vituo 6 kwa kila hali, kila kimoja chenye mabakuli 9, vina nguvu kuliko unachofanya sasa, ingawa jumla ya mabakuli itapanda kutoka 90 hadi 162.

Halafu kuna suala la umbali. Karura ina hekta 1,041, yaani karibu kilomita za mraba 10.4. Nyuki wa asali anaweza kuuvuka msitu mzima kutafuta chakula. Nyuki mdogo wa milimita 5 anazunguka mita mia chache tu kutoka kiotani. Kwa hiyo kituo chako cha "ndani" na cha "ukingoni" vikiwa mita 200 mbali, kwa nyuki mdogo ni sehemu mbili, kwa mkubwa ni chumba kimoja. Acha angalau mita 500 kati ya vituo, kilomita moja ikiwezekana, na umbali kutoka ukingoni uutumie kama namba badala ya kuandika "ndani/nje". Ukibaki Karura peke yake, hitimisho lako ni la Karura peke yake. Ukiweza, ongeza Ngong Road Forest, ambayo barabara ya Southern Bypass imeikata, pamoja na Oloolua na Arboretum. Hapo utakuwa na misitu ya ukubwa na historia tofauti.

Kwenye uchambuzi, usilinganishe hesabu ghafi za aina. Sehemu iliyoshika wadudu wengi itaonyesha aina nyingi kwa sababu hiyo tu. Linganisha kwenye kiwango sawa cha ukamilifu wa sampuli, yaani pale ambapo kila sehemu imeonyesha kiasi sawa cha wadudu waliopo. Kifurushi cha iNEXT kwenye programu ya R kinafanya hivyo. Kisha tumia betapart, kifurushi kingine cha R, kutenganisha mambo mawili: aina za ukingoni ni kundi jingine kabisa, au za ndani ni sehemu ndogo tu ya zile za nje? Jibu la swali hilo moja ndilo litakalokuambia kama hoja ya Sega, kwamba wageni wanaingia na wenyeji wanatoka, inaonekana kwenye data yako. Kipimo cha uanuwai cha Shannon peke yake hakiwezi kulionyesha.

Kuhusu saa: Julai na Agosti Nairobi ni baridi na mawingu. Nyuki wadogo hawaruki vizuri hewa ikiwa chini ya nyuzi 15 au 16. Tembea na wavu kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, pima joto na upepo kila mara, na uzungushe mpangilio wa vituo ili msitu wa ndani usiwe unatembelewa asubuhi kila siku. Hilo la mwisho husahaulika sana, na kosa lake halirekebishiki baadaye.

BiMugumo

Wanangu, mmezungumza nyuki tu, na swali linasema wachavushaji. Niongeze makundi manne yanayobadilisha picha.

Nzi wa maua, wale wenye mistari ya njano kama nyigu wanaoelea hewani pasipo kusogea. Usiwachukue kama kundi moja. Mabuu ya baadhi yao hula vidukari, kwa hiyo watakuwa wengi kwenye bustani na mashamba. Mabuu ya wengine hukaa kwenye mbao zinazooza na vishimo vya maji kwenye mashina ya miti mikubwa, na hao hupotea mti mzee ukiondolewa. Lakini *Eristalis* na jamaa zake hukua kwenye maji machafu, buu lina mkia mrefu wa kupumulia kama bomba. Pale mto unapopitisha maji taka, nzi hawa huongezeka. Ukiwajumlisha wote kama "wachavushaji wengi", umechukua dalili ya uchafuzi ukaiita dalili ya afya.

Vipepeo. Lantana iliyojaa kando ya njia huwavuta wakubwa waliokwisha kutoka kwenye buu, na sehemu iliyovamiwa itaonekana tajiri. Kiwavi hali lantana. Anataka jani la mmea wake wa asili, na mmea huo ndio lantana inaufunika. Kwa hiyo hesabu viwavi pia, au angalau andika mimea inayowalisha. Na kama ulifikiria kutega kwa ndizi iliyochachuka, fahamu kwamba vipepeo wa *Charaxes* wanaokuja hapo hunyonya matunda yaliyooza, kinyesi na utomvu. Ni wadudu wazuri sana wa kupima hali ya msitu, ila usiwahesabu kama wachavushaji.

Nondo. Bakuli halitakuonyesha nondo mkubwa wa usiku mwenye ulimi mrefu, naye ndiye mchavushaji mkuu wa mipapai katika mashamba ya Kenya. Mpapai dume na jike ni miti tofauti, kwa hiyo bila mdudu wa kubeba chavua jike halizai vizuri. Taa za barabarani na za kuta zinazopakana na msitu huwatoa nje wakazunguka balbu badala ya maua. Weka kituo cha usiku ukingoni na kimoja ndani, shuka jeupe na taa ya aina moja, muda sawa, na epuka wiki ya mwezi mpevu kwa sababu mwanga wa mbalamwezi hupunguza wanaokuja kwenye taa.

La nne ni nyigu wa mugumo (aina ya mtini), wa milimita moja na nusu hadi mbili hivi. Jike huingia kwenye tunda changa kupitia tundu jembamba kiasi kwamba mabawa hung'oka, hutaga na kuchavusha, kisha hufia humo. Kwa kawaida kila aina ya mtini ina nyigu wake. Mtu angedhani mdudu dhaifu hivi ndiye wa kwanza kupotea msitu ukikatwa vipande, lakini huishi siku moja au mbili akipeperushwa na upepo, na huko Namibia walipimwa wakihamisha chavua kati ya mikuyu iliyoachana hadi kilomita 160. Ndiyo sababu hata mti uliobaki peke yake mjini, kama ule wa Waiyaki Way uliookolewa mwaka 2020 wakati barabara ya juu ikijengwa, unaweza kufikiwa na nyigu wake. Kinachomuua nyigu huyu ni miti kuwa michache kiasi kwamba kuna wiki ambazo hakuna hata mmoja wenye matunda machanga. Basi usimweke kundi moja na nyuki wasiouma, ambao koloni lao jipya hutegemea la zamani kwa nta na chakula kwa siku nyingi, hivyo haliwezi kuanzishwa mbali.

Mkulima_Ruaka

Naongeza la upande wa pili wa uzio, maana huku Kiambu kuna mashamba ya kahawa.

Mkahawa wa arabika hujichavusha, na wengi husema basi nyuki hana kazi. Huko Costa Rica, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha mavuno kuongezeka kwa asilimia 20 kwenye mikahawa iliyo ndani ya karibu kilomita moja kutoka msituni, na zile buni zenye punje moja ya mviringo badala ya mbili zikapungua kwa asilimia 27. Sababu ya msitu kuwa karibu ni hii: maua ya kahawa hufunguka siku 7 hadi 12 baada ya mvua ya kuyaamsha, karibu yote kwa pamoja, na hudumu siku 2 au 3. Hakuna nyuki atakayeanza kujenga kiota kwa ajili ya siku tatu. Lazima awe tayari anaishi karibu, na miezi iliyobaki awe na maua mengine ya kula.

Nyanya, biringanya na managu ni hesabu nyingine. Chavua yao imefungiwa kwenye vifuko vyenye tundu dogo kileleni, na hutoka nyuki anapoling'ang'ania ua na kutetemesha misuli ya kifua. *Xylocopa* na *Amegilla*, jenasi nyingine ya nyuki, hufanya hivyo. Nyuki wa asali hawezi, hata uwe na mizinga mia.

Kwa hiyo ukifika kwenye mapendekezo, zungumzia kuni. Ukusanyaji wa matawi makavu unaonekana hauna madhara kwa kuwa mti hai haukatwi, lakini ndio unaobeba viota vya *Xylocopa* kwenda jikoni. Akina mama wanaookota kuni hawapaswi kufukuzwa, wanategemea hizo kuni. Pendekeza sehemu zigawanywe na ziachwe kwa zamu, na magogo yenye unene wa zaidi ya sentimita 10 yabaki yalipoangukia.

Na mikaratusi isiondolewe yote kwa mkupuo. Ni kweli chini yake hapaoti kitu cha maana, lakini inapochanua inalisha nyuki wengi sana. Ondoeni vipande vipande huku mimea ya kienyeji yenye maua ikitangulia kukua. Mizinga ya kisasa ikiwekwa msituni itaziba pengo la chakula cha watu na la uchavushaji pia.

Sega_la_Nta

Mkulima, yote nakubali isipokuwa la mizinga. Koloni moja la nyuki wa asali lina makumi ya maelfu ya vibarua, na wanaitana: mmoja akiupata mti uliochanua, mamia watakuwa hapo ndani ya saa moja. Nyuki mpweke anayelisha mabuu yake peke yake hupata masalio. Wale wa asali ni wenyeji hapa na koloni za mwituni zina haki yao, lakini mizinga 50 kwenye eneo lililokwisha kupoteza maua ni mzigo juu ya mzigo. Tena umesema mwenyewe kwamba hawawezi kuchavusha nyanya. Mizinga iwekwe upande wa mashamba, nje ya msitu wa asili.

Mwanzi, kwenye data yako mweke nyuki wa asali safu yake peke yake, na uandike umbali wa mzinga ulio karibu zaidi na kila kituo.

Mwanzi_Mkavu

Asanteni sana, na shikamoo Bi Mugumo. Nimebadilisha mpango: vituo 18, mabakuli 9 kila kimoja, wavu, mianzi na taa. Limebaki moja. Sega, umesema nyuki wa msitu wako juu. Bila vifaa vya kupanda miti nitawafikiaje mita 20?

Sega_la_Nta

Huhitaji kupanda. Tafuta kamba nyembamba ya nailoni ya kuvulia samaki, funga uzito wa gramu 100 hivi, wenye umbo la mviringo usionasa, na uurushe kwa kombeo uvuke tawi imara. Simamieni upande mmoja wote, kofia ngumu kichwani, na msirushe kuelekea njia ya watu. Kwa uzi huo vuta kamba nene ya milimita 4, kisha ifunge mwisho kwa mwisho iwe mzunguko, kama ya kupandisha bendera. Mabakuli matatu ya rangi tofauti yakae kwenye pete za waya, moja chini ya jingine, yaachane sentimita 40. Jaza nusu tu, maana upepo wa juu huyayumbisha na kuyamwaga. Toboa matundu madogo sentimita 2 chini ya ukingo wa bakuli na uyafunike kwa chandarua, mvua ikizidi maji yatoke na wadudu wabaki.

Weka seti nyingine tatu ardhini chini ya mti huo huo, na seti za namna hiyo hiyo, juu na chini, kwenye miti ya ukingoni pia. Bila hiyo ya ukingoni utarudia kosa la mwanzo kwa upande mwingine. Pandisha saa tatu asubuhi, shusha saa kumi jioni siku hiyo hiyo. Usiache usiku kucha, kwa sababu kima wa Karura wakiyaona alfajiri watayamwaga yote, na siku yenye mabakuli yaliyomwagika uiandike kuwa haikupimwa, usiiandike sifuri.

Chagua miti iliyochanua na isiyochanua kwa usawa. Na kibali chako kikague tena: kama NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti) na huduma ya misitu walikuruhusu kutega ardhini tu, kamba kwenye miti na taa za usiku vinahitaji barua ya nyongeza. Iombe sasa.